SPANA KUMI NA NNE, KHANGA MOJA

Najua nimepotea. Kazi ya gazeti ukiiachia itakula mpaka Jumapili yako, na mwezi huu imekula Jumapili zangu zote nne. Mnisamehe.

Leo nina jambo. Jamaa yangu mmoja, tulikaa naye hosteli moja pale Mlimani, kanunua pikipiki. Si ya biashara, ya kwake mwenyewe, cc 150, ya Kihindi kama yangu. Sasa anataka Jumamosi aende nayo Songea. Dar mpaka Songea, wadau! Ni zaidi ya kilometa 900. Juzi kanipigia usiku: "Kaka, nitumie orodha ya vitu vya kubeba, wewe si mzoefu?"

Mzoefu! Nikacheka peke yangu kitandani. Mimi nimekwenda Iringa mara mbili na kurudi, basi. Lakini nikaanza kumwandikia ujumbe, ukarefuka, nikaufuta, nikaanza upya, ukarefuka tena. Nikaona orodha yenyewe haieleweki bila kusimulia ilivyopatikana. Kwa hiyo hii ni ya kwake, na ya yeyote mwenye pikipiki na kwao mbali.

Safari yangu ya kwanza ndefu haikuwa ndefu kihivyo. Mwaka 2021, nina miezi miwili tu na pikipiki, nikaamua kwenda Bagamoyo, kisha nikate kuelekea Msata kwa ile barabara ya lami, kilometa 64, halafu nirudi kwa Chalinze. Nilibeba nini? Chupa ya maji na miwani ya jua. Kule katikati, mashamba ya mananasi huku na huku, nikabana klachi ili nibadili gia na klachi ikaja yote mkononi kama uzi uliokatika. Kebo imekwenda. Nikakaa kando ya barabara nikaitazama ile pikipiki kwa dakika 20 hivi, kama vile nikiitazama sana itanionea huruma.

Aliyeniokoa ni mtoto wa kama miaka 15 aliyekuwa anapita na baiskeli. Akaniambia, "Bro, weka gia ya kwanza, sukuma, ikishika rukia." Kweli bwana. Ukiisukuma mpaka injini ishike, ukirukia juu unakwenda, na gia unapandisha kwa kupunguza mafuta kidogo na kugusa kwa mguu. Kusimama ndiyo kazi. Nilifika Msata nikiomba Mungu pasiwe na ng'ombe barabarani. Fundi wa pale alikuwa na kebo, akanifungia kwa dakika 10, kisha akanifundisha jambo ambalo sijaliacha mpaka leo: nunua kebo ya pili, ilaze sambamba na ile inayofanya kazi, uifunge pamoja nayo kwa selotepu nyeusi ya mafundi umeme, kuanzia kwenye mkono mpaka kwenye injini. Siku ya kwanza ikikatika hubebi wala hutafuti, unahamisha ncha mbili tu. Haichukui nafasi kwenye begi. Haina uzito wa kuhesabu.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Lakini mimi nikirudi na aibu huwa nainunulia kitu. Jumatatu yake nikaenda Gerezani nikatoka na boksi jekundu la spana 14, bisibisi 6, koleo 2, nyundo (nyundo ya nini, sijui), plagi, mnyororo mzima wa akiba, tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu ya mguu na chupa ya oili. Nikavipanga sebuleni, nikavipiga picha. Nikajiona Ted Simon.

Kwa msiomjua, Ted Simon alikuwa mwandishi wa habari wa Uingereza. Mwaka 1973 alipanda pikipiki ya Triumph ya cc 500, akashuka Afrika yote kutoka kaskazini mpaka kusini, akazunguka dunia kwa miaka minne, akarudi 1977 na kuandika kitabu, Jupiter's Travels, kilichotoka 1979. Mwandishi wa habari juu ya pikipiki! Nilipokisoma nilijua hatima yangu imeshaandikwa, kilichobaki ni mshahara. Na Che naye msimsahau, huyu huyu aliyepita hapa Dar mwaka 1965 akielekea Kongo. Mwaka 1952, bado mwanafunzi wa udaktari, aliondoka Argentina na rafiki yake Alberto Granado juu ya Norton kuukuu. Pikipiki ikawafia Chile. Wakaendelea kwa miguu na kwa lifti, na nadhani safari ilianzia hapo hasa. Lakini hayo unayafikiria baadaye. Wakati wa kufunga mzigo unafikiria spana tu.

Nilifanya jambo moja la maana kabla ya safari ya Iringa. Nilijifunza kuziba pancha nyumbani. Wengi wanabeba tyubu na pampu na hawajawahi kung'oa tairi maishani, ni sawa na kubeba kamusi ya Kichina. Nikakaa uani Sinza, watoto wa mama mwenye nyumba wamenizunguka, nikang'oa tairi la nyuma. Saa 1 na dakika 50! Na nilipomaliza kujaza upepo nikasikia ssssss... nilikuwa nimeibana tyubu mpya kwa vile vyuma vya kung'olea tairi, nikaitoboa mwenyewe. Watoto walicheka mpaka mama yao akatoka nje kuuliza kuna nini. Kwi kwi kwi.

Mara ya tatu nikatumia dakika 40, na nimebaki hapo hapo. Niliyojifunza ni haya. Tyubu ijaze upepo kidogo kabla ya kuiingiza, iwe na umbo tu, haitajikunja wala kubanwa. Ipake poda ya watoto. Na kabla hujaiingiza, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima, mzunguko mzima, kwa sababu kilichokutoboa huenda bado kimo. Barabara kuu yetu adui si misumari, ni zile nyuzi nyembamba za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Huzioni. Unaweka tyubu mpya, unakwenda kilometa 2, unarudi pale pale. Matairi yangu yote mawili ni ya inchi 17, kwa hiyo tyubu moja ya akiba inasaidia kokote kwa dharura. Mwenye pikipiki ya magurudumu tofauti aulize fundi wake kabla ya kununua.

Basi. Desemba 2022, siku mbili kabla ya Krismasi, saa 11 alfajiri, nikaondoka Dar. Mzigo wote wa vyuma niliufunga kwenye keria nyuma ya kiti, juu kabisa, kwa mipira. Hilo lilikuwa kosa na nililigundua kabla ya Chalinze. Uzito ukikaa juu na nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na ukipishana na basi linalokuja kwa kasi ule upepo wake unakutikisa kama mlango mbovu. Kila basi lililopita nilisema Astaghfirullah, na mimi ni Mlutheri.

Morogoro nikanywa chai. Mikumi nikapita ile hifadhi kwa adabu. Kilometa 50 hivi za barabara zinapita katikati ya mbuga, kuna vibao vya mwendo na vibao vya faini kwa anayegonga mnyama, na swala wanakula pembeni bila wasiwasi. Unapita hapo umekaza makalio, unasikiliza injini, kila mlio unaudhania pancha. Pancha haikuja. Nikatoka upande wa pili nikavuka mji wa Mikumi, nikaingia vile vilima vya kuelekea Mbuyuni, nikaanza hata kuimba.

Ilikuwa kama saa 8 mchana. Kwenye kona moja kulikuwa na watu wanne watano wamesimama kando ya barabara na pikipiki imelala kwenye majani, gurudumu bado linazunguka. Fuso lilikuwa limemsukuma nje ya lami na likaendelea na safari yake, hivyo ndivyo walivyosema waliokuwepo. Kijana wa bodaboda, rika langu kabisa, alikuwa chini kwenye kokoto. Amevaa kandambili, moja ipo, nyingine haipo. Kofia ngumu ilikuwa kwenye mkono wa pikipiki, imening'inia pale pale alipoitundika asubuhi. Mguu wa kushoto, kwenye muundi chini ya goti, ulikuwa umefunguka. Sitaeleza zaidi. Damu ilikuwa inatoka kwa namna ambayo hata mtu asiyejua kitu anajua kwamba haifai.

Nikasimamisha pikipiki. Nikashuka. Na kitu cha kwanza mkono wangu ulichofanya, wadau, naandika hili kwa aibu, ni kutoa simu na kufungua kamera.

Nimeandika habari za ajali sijui ngapi. Kwetu ni maneno 120. Mtu mmoja amefariki dunia na wengine wawili kujeruhiwa baada ya, kisha aina ya chombo, kisha Kamanda wa Polisi wa Mkoa amethibitisha, kisha chanzo ni mwendo kasi, kisha nukta. Naweza kuiandika nikiwa nakula. Picha ikiwepo inapewa nafasi kubwa zaidi. Mkono ulikuwa unafanya kazi yake tu.

Kulikuwa na mama mmoja pale, muuza vitunguu na mahindi ya kuchoma, kibanda chake hatua kama 30 kutoka kwenye kona. Alikuja anakimbia, akapiga magoti, akavua khanga ya begani, akaikunja mara mbili, mara nne, akaibandika juu ya kidonda na kuegemea kwa viganja viwili kwa uzito wake wote. Halafu akainua macho akaniona na simu yangu. Hakunifokea.

"Baba, weka hiyo simu. Njoo ushike hapa."

Nikaenda. Nikashika.

"Kandamiza. Usifunuefunue kuangalia. Ukifunua unaanza upya."

Nikamuuliza, "Mama, mpaka lini?"

"Mpaka gari lije."

Sasa fikirieni nilichokuwa nacho kwenye keria hatua 5 kutoka pale. Spana 14. Bisibisi 6. Mnyororo. Plagi. Nyundo. Ningeweza kuifungua ile pikipiki yake yote na kuifunga tena. Na kwa ajili ya mtu mwenyewe sikuwa na kitambaa kimoja safi, sikuwa na bandeji, sikuwa na glavu, hata maji yangu ya kunywa nilikuwa nimeyamaliza Mikumi. Mzigo wote ule nilikuwa nimeufunga kwa ajili ya chombo. Kwamba aliyekuwa juu ya chombo naye anaweza kuharibika, hilo halikuwa limepita kichwani mwangu hata mara moja, na mimi ndiye mtu wa maneno 120.

Kilichotufaa kutoka kwangu ni kisu na tyubu ya akiba. Mwanamume mmoja aliikata tyubu vipande virefu, tukafungia khanga isisogee, kisha tukaweka vipande viwili vya ubao kutoka kibandani kwa mama, kimoja kila upande wa mguu, tukafunga kwa mipira ile ile. Mmoja alitaka kumnyoosha mguu kwanza "urudi mahali pake", mama akamtazama akaacha. Mwingine alileta soda amnyweshe, mama akaikataa. Sijui alijifunzia wapi. Sikuuliza, na kwa mwandishi hilo nalo ni la kuonea haya.

Gari lilikuja baada ya kama dakika 40. Mabasi hayakusimama. Ilikuwa pikapu ya nyanya. Mama akamwachia binti yake kibanda, akapanda nyuma na mgonjwa, mimi nikawafuata kwa pikipiki kurudi Mikumi.

Mambo ya PF3 nayaruka, mnayajua. Hospitali muuguzi akauliza jina la mgonjwa. Tukatazamana. Simu yake ilikuwa imepasuka haiwaki, mfukoni hana kitambulisho, na yeye mwenyewe alikuwa anaitikia tu "eeh" kwa kila kitu. Ndugu zake? Hatujui. Anatoka wapi? Hatujui. Nani, wapi, lini: maswali yangu ya kila siku, na sikuwa na jibu hata moja. Kisha muuguzi akanigeukia: kama damu itahitajika, wewe kundi lako ni lipi?

Sikulijua. Miaka 25, shahada moja, sijui damu yangu ni kundi gani.

Kijana alipona. Jioni aliweza kutaja jina na namba ya kaka yake, na kaka alifika usiku ule. Anachechemea kidogo mpaka leo, tunaandikiana sikukuu. Ajali yenyewe haikutoka kwenye gazeti lolote, maana hakufa mtu.

Nililala Mikumi. Kesho yake nikapanda Kitonga taratibu nyuma ya malori, nikafika nyumbani Iringa na shati lenye damu iliyokauka, mama yangu mzazi akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, na hata "kamwene" haikumtoka mpaka nilipovua koti akaona sijaumia popote.

Dada yangu ni muuguzi. Yeye ndiye aliyenifungia begi ninalobeba sasa, Krismasi ile ile, huku akinisema. Nilikuwa nimeanza kulipanga mwenyewe: dawa ya kikohozi, dawa ya tumbo, spiriti ya kumwagia kidonda. Akavitoa kimoja kimoja. "Mdogo wangu, barabarani mtu hafi kwa kikohozi." Spiriti akaitupa pembeni: kidonda kikubwa hakimwagiwi spiriti, wala kahawa, wala sukari, kinakandamizwa. Akaweka glavu jozi 4, kwa sababu ukimsaidia mtu lazima ujikinge na wewe. Akaweka gozi pakiti 10, bandeji pana 4 za kuvutika, kitambaa kikubwa cha pembe tatu cha kufungia mkono, mkasi wa kukatia suruali, plasta, panadol, pakiti 4 za chumvichumvi za kuchanganya kwenye lita moja ya maji, na lile blanketi jembamba linalong'aa kama karatasi ya biskuti, maana mtu aliyepoteza damu anasikia baridi hata juani. Vyote vinaingia kwenye mfuko usiozidi mkate mmoja.

Nikamwambia kuhusu ile tyubu, kwamba wakati mmoja nilitaka kuufunga mguu juu ya goti, niukaze kabisa kama manati. Akanyamaza kidogo. Akasema hiyo ipo, lakini ni ya mwisho kabisa: umekandamiza kwa nguvu, damu haisimami, unaona mtu anakwenda. Hapo ndipo unafunga, kwa kitu kipana, si kamba wala waya, upana wa vidole vitatu hivi juu ya kidonda, si kwenye kiungo, unakaza mpaka damu isimame, unaandika saa uliyofunga, na huifungui wewe, anaifungua daktari. Ukifunga ovyo kwa kidonda ambacho kingesimama kwa mkono tu unaweza kumkosesha mtu mguu. "Mama yule alijua," akasema. Na kofia ngumu usimvue aliyeanguka kama anapumua vizuri, wala usimkalishe. Shingo.

Halafu karatasi. Hii nataka jamaa yangu aielewe vizuri kuliko yote. Nimeandika kwa kalamu isiyofutika jina langu, namba ya dada, namba ya rafiki mmoja wa Dar, na kundi langu la damu. Nakala moja imo mfuko wa ndani wa koti, nyingine imebandikwa ndani ya kofia ngumu. Simu si kitambulisho. Simu ndiyo ya kwanza kupasuka, na isipopasuka ina neno la siri, na ikiwa haina neno la siri haina chaji. Kundi la damu nilikwenda kulijua Januari kwa kuchangia damu, Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Ni O chanya. Sindano naziogopa mpaka sasa, lakini nimeshachangia mara tatu.

Na dada anapata ujumbe mfupi nikifika Chalinze, Morogoro, Mikumi, Mbuyuni, Iringa. Tukikubaliana saa na ujumbe usipoingia anapiga. Mara moja nilijisahau Morogoro nikawa nakula chipsi kuku, nikakuta simu 11 zilizopigwa. Alinisema kwa Kihehe, hiyo siiandiki hapa.

Vyuma sasa. Ile safari ya pili, Juni 2023, nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nilichukua daftari la kazini nikaizunguka pikipiki nati kwa nati, kama naihoji. Pikipiki nzima inafunguka kwa spana tano! Namba 8, 10, 12, 14 na 17, ukiongeza na ile kubwa ya ekseli ya nyuma. Nyingine zote nilikuwa nazitembeza tu. Nikabakiza hizo, bisibisi moja ya kugeuza ncha, koleo moja, plagi na spana yake, vyuma viwili vya tairi, tyubu moja, viraka na solusheni mpya (solusheni iliyofunguliwa mwaka jana imekwisha kukauka, niamini), pampu ndogo ya mkono, na kile kiungo kidogo cha kuungia mnyororo badala ya mnyororo mzima. Fyuzi mbili. Waya laini wa kufungia kama mita 2. Selotepu nyeusi nimeizungusha kwenye pampu ili isile nafasi. Na kipande cha sabuni ya mche. Msicheke. Tanki likivuja tundu dogo unasugua sabuni kavu pale linapovuja, inaziba vya kutosha kukufikisha kwa fundi.

Mafuta ya akiba kwenye chupa ya maji sibebi, na nawaomba msibebe. Tanki langu ni lita 11, kwa mzigo linanipeleka zaidi ya kilometa 400, na njia hii ina sheli za kutosha. Chupa ya plastiki ya petroli kwenye jua, juu ya bomba la moshi la moto... hapana.

Vyuma vyote vimo kwenye kipande cha bomba la maji la inchi 4 chenye vifuniko, kimefungwa kwenye fremu mbele ya injini, chini. Uzito umeshuka, mbele pametulia, mabasi yanapita na mimi ninaendelea na wimbo wangu. Kwenye keria kuna begi la nguo, maji lita 3, na juu ya vyote, mahali ninapoweza kufika bila kufungua kitu kingine, mfuko wa dada. Nimewaonyesha hata watoto wa Sinza ulipo.

Yule mama nilimrudia. Januari, nikirudi Dar, nilipita na doti ya khanga niliyoinunua Iringa mjini. Nikasimama kibandani, nikamwamkia, nikampa. Akaifungua, akasoma jina, akaguna kwamba rangi ni ya wazee. Nikamuuliza ile nyingine aliitupa? Akanionyesha mabega yake. Alikuwa ameivaa. Ile ile.

"Damu haitoki kwa maji ya moto, mwanangu. Maji ya baridi na chumvi, unaloweka usiku kucha."

Akaikunja doti akaiweka ndani. Kisha akaniuzia vitunguu vya elfu tano, hakupunguza hata mia.

Jamaa yangu alipita jana kuchukua spana. Nimempa boksi zima jekundu, aliliona akalipenda, akakataa kuchagua tano. Ana koti zuri na kofia ya maana, hilo nampa. Nimemwandalia na mfuko kama wangu, nusu vitu vyangu, nusu vya duka la dawa la hapa mtaani. Nikamuuliza karatasi yake ameiandika.

Jina ameandika. Namba mbili ameandika. Kundi la damu ameacha mstari mtupu, anasema ataulizia kwa mama yake.